Ufunguo Ninao Mkononi, Gari Linanguruma

Nilifundisha Fizikia katika shule za sekondari kwa miaka 22, na katika muda huo nilichora ubaoni saketi nyingi kuliko idadi ya wanafunzi waliozielewa. Nalitanguliza jambo hili ili msomaji anihukumu ipasavyo, maana yaliyonipata katika kituo cha mafuta pale Korogwe yangesameheka kwa mtu aliyesomea Historia.

Baada ya kustaafu nilinunua Toyota Hiace ya dizeli, yenye injini ya aina iitwayo 3L, ambayo katika ujana wake ilikuwa daladala. Niling'oa viti vyote vya nyuma isipokuwa kimoja, nikatengeneza kitanda cha mbao, kabati la vyombo na jiko la gesi la kukunja, ili mimi na mke wangu tuweze kulala popote usiku utakapotukutia. Mke wangu aliliita konokono. Watu wa barabarani waliendelea kuliita kipanya, na hadi leo nikipita Mbezi wapo wanaonyoosha mkono nisimame, na nisiposimama hunitukana kana kwamba nimewanyima haki yao.

Chombo nilichokipenda kuliko vyote humo ndani ni friji ndogo ya volti 12. Mwanzoni niliiunganisha moja kwa moja na betri ya gari, kisha tukaenda kulala Bagamoyo. Nilikuwa nimepiga hesabu kabla ya kuondoka: friji hutumia wati 45, yaani chini kidogo ya ampea 4, usiku una saa 10, betri ni ya ampea-saa 70, kwa hiyo asubuhi zingebaki zaidi ya 30, nami ningewasha gari nikipiga mluzi. Betri yenyewe ilikuwa na umri wa miaka minne na haikuwa imezisoma hesabu zangu. Asubuhi nilipozungusha ufunguo, stata ilitoa mlio mmoja kama wa mtu anayeweka kikombe juu ya kisosi, basi. Wavuvi sita walitusukuma kwenye mchanga bila mafanikio yoyote, tukaishia kuazima nyaya na betri ya pikapu ya kubebea samaki.

Hapo nikaamua kwamba kuanzia siku ile friji itapata umeme kupitia swichi ya ufunguo tu, ili gari likizimwa nayo izimike. Wazo hili ni sahihi, na ningali nalitetea. Katika gari la namna hii ufunguo una vituo vyake: kwenye LOCK karibu kila kitu kimekatwa, kwenye ACC redio inapata umeme, kwenye ON vinaingia vile vinavyohitajika gari linapotembea, na START ni ya kuamsha stata. Katika sanduku la fyuzi, kwa hiyo, zipo fyuzi zenye umeme usiku na mchana, kama za honi na taa za breki, na zipo zinazosubiri ufunguo. Nilichukua taa ya kupimia, nikapiga magoti chini ya dashibodi, nikagusa fyuzi moja baada ya nyingine huku shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akifungua na kufunga swichi kwa amri yangu. Ile ya waipa ilitii vizuri kabisa: ufunguo ukiwa ON taa inawaka, ukitolewa inazimika. Nikazungushia waya kwenye mguu wa fyuzi hiyo, nikaupitisha chini ya zulia hadi kwenye friji, na mke wangu akapika pilau kwa kunipongeza.

Kasoro ilijitokeza tulipoanza kupumzika njiani. Gari likizimwa, friji nayo inanyamaza, na Dar es Salaam haina huruma na maziwa. Nikanunua betri ya pili, nikaiweka ndani ya sanduku chini ya kitanda pamoja na swichi yake kubwa ya kukatia, nikaleta waya wake hadi kwenye friji. Pale kwenye friji palikuwa na boliti moja ya shaba. Waya wa waipa ulikuwa umefungwa hapo. Waya wa betri mpya nao nikaufunga hapo hapo, nikakaza nati, nikanawa mikono.

Mwanafunzi wa kidato cha pili angeniuliza swali. Bahati mbaya hakuwapo.

Mwezi uliofuata tulimchukua mama mkwe kumrudisha kwake Lushoto baada ya matibabu ya macho. Tulikuwa wanne: mimi kwenye usukani, mke wangu pembeni yangu, shemeji kwenye kile kiti kimoja cha nyuma, na mama mkwe juu ya kitanda kwa heshima zote. Friji ilibeba kilo nne za nguru kwa ajili ya jamaa wa milimani. Tulipomaliza chai Chalinze, gari likiwa limekwisha kuwashwa, mke wangu alikumbuka kwamba huenda tukasimama tena njiani na samaki wakaharibika. Nikainua godoro, nikaifungua ile swichi kubwa kwa mara ya kwanza tangu niiweke, nikalirudisha godoro. Mama mkwe akapanda, akajifunika kanga, akalala. Injini ilikuwa inaunguruma tayari, kwa hiyo hakuna aliyeona kitu.

Korogwe niliingia kituoni kuongeza mafuta. Binti wa pampu alinikaribia.

"Shikamoo mzee. Zima gari tafadhali."

"Marahaba mwanangu," nikamjibu, nikageuza ufunguo, nikauchomoa kabisa.

Akasubiri. Nami nikasubiri.

"Mzee, naomba uzime gari."

"Nimezima."

"Mbona linanguruma?"

Nikamwonyesha ufunguo kupitia dirishani. Aliutazama ufunguo, akaisikiliza injini, akaurudisha mpira wa mafuta mahali pake taratibu kama mtu anayeondoka mbele ya ng'ombe asiyemwamini. Nikauingiza ufunguo tena, nikafungua, nikafunga, nikatoa. Injini iliendelea na kazi yake kwa utulivu mkubwa. Vijana wa bodaboda wakaanza kusogea. Mmoja akasema kwamba gari hilo lina mwenyewe, na tulikuwa mkoani Tanga, ambako kauli ya namna hiyo haipiti hivi hivi, kwa hiyo wawili kati yao wakarudi nyuma hatua tatu.

"Shemeji," akasema shemeji yangu, ambaye alikuwa amepenyeza mkono hadi kwenye usukani, "hebu ona na hii." Akashusha kijiti cha waipa. Waipa zikaanza kufuta kioo kikavu, jua likiwa la saa nane mchana, ufunguo ukiwa mkononi mwangu.

Ni zile waipa zilizonizindua. Waya niliouona siku zote kuwa ni wa kuchukua umeme swichini ulikuwa sasa unaupeleka. Betri ya pili ilikuwa inasukuma umeme hadi kwenye boliti, kutoka kwenye boliti hadi kwenye fyuzi ya waipa, na kutoka hapo ukarudi nyuma na kuingia katika njia yote inayolishwa na ufunguo ukiwa ON. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Ikishawaka, umeme inaouhitaji ili iendelee ni ule mdogo wa sumaku iliyo kwenye pampu ya nozeli, ile inayosukumia injini mafuta; sumaku hiyo hushikilia mlango wa mafuta uwe wazi. Ufunguo ukikata umeme huo, mlango unajifunga na injini inakufa. Wangu ulikuwa umekata vizuri, ila mlango ulishikiliwa na betri iliyo chini ya kitanda, na juu ya kitanda alikuwepo mama mkwe.

Nikamnong'oneza mke wangu kwamba dawa ni kuinua godoro na kufunga swichi.

"Godoro lipi?" akauliza, ingawa alijua.

"Tumwombe ainuke kidogo tu."

"Baba watoto, usithubutu. Mama ametoka kufanyiwa matibabu, halafu mkwe wake akamwinue kituo cha mafuta mbele ya bodaboda, atafute waya chini yake?"

Msomaji aliyeoa ataelewa kwamba mjadala uliishia hapo. Mimi mwenyewe, hata kwa kumwita tu, nisingepata sauti.

Aliyetuokoa ni dereva mmoja wa lori, mtu mzima aliyekuwa anakula mhindi wa kuchoma, ambaye alikuja dirishani bila haraka akaniambia: "Mwalimu, weka gia namba nne, kanyaga breki mpaka mwisho, halafu achia klachi." Sijui alitambuaje kuwa mimi ni mwalimu. Nilifanya alivyosema. Gari lilitikisika kama mbuzi aliyemwagiwa maji, sufuria mbili zikaanguka kabatini, injini ikafa. Mama mkwe akageukia upande wa pili. Taa nyekundu za dashibodi zilikuwa bado zinawaka. Binti wa pampu alizitazama, akanitazama na mimi, akaamua kwamba ukimya unamtosha. Nikalipa haraka kuliko nilivyowahi kulipa kitu chochote.

Tulifika Mombo bila kuzima tena, nikatafuta fundi umeme wa magari kabla ya kuanza kupanda mlima. Nilimkuta kijana mwembamba chini ya mwarobaini, nikatoa ufunguo huku injini ikiendelea kunguruma, nikamweleza tatizo kwa ukamilifu, pamoja na mwelekeo wa mkondo, tofauti ya volti kati ya betri mbili na kazi ya sumaku ya pampu. Nadhani nilitumia dakika sita. Alinisikiliza kwa adabu, akainama chini ya dashibodi, akaushika ule waya nilioufunga kwenye fyuzi ya waipa, akauchomoa kwa vidole viwili.

Injini ikazimika.

"Mzee," akasema, "kwa nini hukuuvuta huu?"

Waya huo ulikuwa umening'inia kando ya goti langu la kulia tangu Dar es Salaam. Shemeji alitoka nje ya gari ili acheke kwa nafasi. Na kwa kuwa ngurumo ilikuwa imekatika ghafla, mama mkwe akaamka, akaketi, akauliza kama tumefika.

Aliposhuka kunywa chai, ndipo tulipoweza kuinua godoro. Fundi aliweka rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, ya kawaida yenye miguu minne, ile ya namba 30, 85, 86 na 87. Umeme wa ufunguo sasa unaishia kwenye koili, kati ya 85 na 86, ambako kazi yake ni kuvuta ulimi tu. Betri mbili zinaunganishwa kwa waya mnene kupitia 30 na 87, zenye fyuzi kila upande, na friji inakula kwenye betri ya pili. Koili na ulimi havigusani kiumeme, kwa hiyo hata betri ya pili ikitaka kurudi kwenye swichi haina pa kupita. Nilimwambia kwamba mchoro huo nimeufundisha mara nyingi. Akasema anaamini.

Tukapanda zile kilomita 30 na ushee za kona za Usambara, tukafika uani kwa mama mkwe jioni, majirani wakiwa wamesimama kutupokea. Niligeuza ufunguo mbele yao wote. Gari likanyamaza papo hapo. Kwa furaha nikaliwasha tena, nikalizima, nikaliwasha, nikalizima.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kushuka. Alifungua pindo la kanga yake, akatoa kipande cha waya mwekundu, ambacho fundi alikikata na kukitupa kule Mombo, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Chukua, mkwe wangu," akasema. "Nimekutunzia, usije ukakosa cha kuzimia."