Mark X ya supachaja dhidi ya Ranger Raptor: nani angetangulia kwenye lami ya Tabora?

Mabishano yalianzia kwenye gereji moja ya Tabora mjini, chini ya mwembe, na kisa chake kilikuwa mkanda. Fundi alikuwa amefungua boneti ya Toyota Mark X nyeupe yenye supachaja, kifaa kinachozungushwa na mkanda ili kuisukumia injini hewa zaidi, akaubonyeza mkanda wa mbele kwa kidole gumba, akaunusa, kisha akasema kwamba umeanza kuteleza. Mwenye gari, kijana aliyelinunua kwa mtu wa Dar es Salaam, hakujali sana habari hiyo. Alichotaka kujua ni kama gari lake lingeiacha pikapu ya Ford Ranger Raptor iliyokuwa imeegeshwa ng'ambo ya barabara. Waliokuwepo waligawanyika papo hapo: vijana wakasimama na gari dogo, madereva wa malori wakasimama na pikapu, na kila upande ukatoa hoja ambayo haikuwa ya kupuuzwa.

Mark X hiyo ni ile iliyouzwa Japani ikiwa na injini ya V6, yaani ya silinda sita, ya lita 3.5 iliyoongezewa supachaja hadi ikafikia nguvu za farasi 360, na nguvu yote huenda kwenye magurudumu ya nyuma. Uzito wake ni karibu kilo 1,550. Raptor ya kizazi kilichoingia sokoni mwaka 2022, kwa toleo linalouzwa Australia na Afrika Kusini, ina V6 ya lita 3.0 yenye tabo mbili (nazo huisukumia injini hewa, ila kwa nguvu ya moshi wake), nguvu za farasi 397, giaboksi ya hatua kumi na uzito wa karibu kilo 2,450. Ukigawanya uzito kwa nguvu, kila farasi wa Mark X anavuta kilo 4.3 na kila farasi wa Raptor anavuta kilo 6.2. Kwa hesabu hiyo peke yake vijana walikuwa wameshashinda, na ndiyo maana walikuwa wakiirudia kwa sauti.

Hesabu hiyo ina ushahidi wa nje pia. Kampuni moja ya Marekani ilifunga injini za ukoo mmoja, V8 ya lita 6.2 yenye supachaja, kwenye magari mawili tofauti kabisa: Dodge Challenger Hellcat yenye nguvu za farasi 707, na pikapu ya Ram 1500 TRX yenye 702. Ni vigumu kupata mizani iliyo safi kuliko hiyo, kwa sababu kinachotofautiana ni uzito, umbo na magurudumu yanayosukumwa, wala si moyo wa gari. Kwa takwimu za kampuni yenyewe, Hellcat ilimaliza robo maili, yaani mita 402, kwa sekunde 11.2, na TRX kwa sekunde 12.9. Sekunde 1.7 kwenye mbio za aina hiyo ni umbali wa magari kadhaa yaliyopangwa mstari.

Hata hivyo madereva wa malori nao wana kesi yao, na historia inawapa shahidi mmoja mzuri. Mwaka 1991 jarida la Car and Driver liliishindanisha GMC Syclone, pikapu ndogo yenye V6 ya tabo, nguvu za farasi 280 na msukumo wa magurudumu yote manne, na Ferrari 348. Kwenye robo maili pikapu ilitangulia. Ferrari haikuwa dhaifu wala nzito. Ilipitwa kwa sababu gari linaloshika lami kwa matairi manne huondoka wakati la matairi mawili bado linatafuta pa kukanyaga. Raptor ina hali ya kuendesha magurudumu manne iliyokusudiwa hata kwa lami, na dereva wake hahitaji ufundi wowote: anakanyaga, inaondoka. Mwenye Mark X akikanyaga kwa pupa, matairi ya nyuma yanapiga kelele, moshi unatoka, kompyuta inapunguza nguvu, na kufikia hapo mwenzake yuko mbele kwa urefu wa gari zima. Ongeza vumbi jekundu linaloletwa kwenye lami yetu na kila gari linalotoka barabara za vijijini, na mita hamsini za kwanza ni za pikapu.

Jambo ambalo hakuna aliyelitaja chini ya mwembe, na ambalo mimi naliona kuwa zito kuliko yote, ni hewa yenyewe. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 12 ukilinganisha na Dar es Salaam. Supachaja huzungushwa na injini kwa mkanda, kwa kasi iliyopangwa na ukubwa wa puli. Haijui kama iko Kariakoo au Ipuli, inazunguka vilevile, na ikipewa hewa nyepesi inasukuma hewa nyepesi. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na kompyuta inaweza kuiachia izunguke kwa kasi zaidi hadi shinikizo linalotakiwa lipatikane. Kwa hiyo Raptor inapanda Tabora na sehemu kubwa ya nguvu zake, wakati farasi 360 wa Mark X wanabaki kama 317 hivi. Ukirudia mgawanyo, Mark X inakuwa na kilo 4.9 kwa kila farasi badala ya 4.3, na pengo lililokuwa pana linapungua. Kigoma, ambako Ziwa Tanganyika liko mita 773 tu, kijana yule angepungukiwa karibu theluthi mbili tu ya hicho alichopungukiwa hapa kwetu, ukiacha vilima vya huko ambavyo havina sehemu ndefu iliyonyooka.

Kuna na joto. Kuibana hewa ni kuipasha moto, na mwezi wa Septemba au Oktoba, kabla mvua hazijaanza, hewa inaingia kwenye supachaja ikiwa tayari ya moto. Mbio ya kwanza itakuwa nzuri, ya pili itapungua, ya tatu mwenye gari ataanza kutoa visingizio. Petroli nayo ni suala: injini ya Mark X ilitengenezwa kwa ile ya daraja la juu ya Japani, yenye oktani karibu 100, na ikinyweshwa iliyo chini ya hapo kompyuta huchelewesha cheche ili kuizuia isigonge, na nguvu inapungua tena. Chujio la hewa ambalo fundi alilikung'uta mbele yetu lilitoa vumbi la kujaza kiganja, na hilo ni gari lililokuwa likikaa mjini tu. Raptor haina kinga dhidi ya mambo haya, lakini imeundwa ikitarajia vumbi na joto, wakati Mark X imeundwa kwa watu wanaosafisha viatu kabla ya kuingia garini.

Pamoja na yote hayo, nikilazimishwa kuchagua, naichagua Mark X kwa umbali wa robo maili, kwa sharti kwamba mkanda ni mpya, lami ni kavu na safi, na mguu wa dereva una subira. Baada ya mita 100 hivi mshiko unaacha kuwa tatizo na uzito unaanza kudai chake. Kadiri kasi inavyopanda, upepo nao unakuwa adui, na pikapu yenye kifua kipana na matairi ya njia mbovu inausukuma upepo mwingi zaidi. Kwa umbali wa mita 200 nisingeweka hata shilingi. Na wanaodhani kwamba barabara ndefu ingeamua kwa uwazi zaidi wakumbuke kwamba magari ya soko la Japani kwa kawaida hufungwa yasivuke kilomita 180 kwa saa, na Raptor nayo imefungwa hapo hapo, kwa hiyo mbele ya safari yangeishia kwenda sambamba kama ng'ombe wa jembe.

Linabaki swali la mahali, na hapa sina pande mbili za kupima. Barabara ya kwenda Nzega imenyooka na inashawishi, lakini ni hiyo hiyo wanayopita wauza mkaa kwa baiskeli na wachungaji wenye ng'ombe wasio na habari na supachaja. Gari likiwa kwenye kilomita 140 kwa saa linapita karibu mita 39 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kushtuka na kufikisha mguu kwenye breki, kisha breki zikishika vizuri kabisa kwenye lami kavu, gari litasimama baada ya mita 150 na zaidi. Hapo ndipo pikapu inaposhindwa waziwazi, kwa sababu kwa kasi ileile breki zake zina nguvu ya mwendo ya kumeza inayozidi ya Mark X kwa zaidi ya nusu, na matairi yake yenye meno makubwa hayakutengenezwa kwa kazi hiyo. Kipande cha lami kilichofungwa kwa ruhusa, chenye watu wa kulinda pande zote na nafasi ya kupunguza mwendo mara mbili ya ile ya kukimbilia, ndicho kingefaa. Nje ya hapo, huko ni kuendesha kwa hatari, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inalihesabu kuwa kosa hata kama hakuna aliyeumia.

Mkanda mpya uliagizwa Dar es Salaam jioni ileile. Mwenye Raptor, ambaye hakuwa amejua kwamba anashindanishwa, alirudi na mfuko wa mahindi, akaurusha nyuma, akaondoka taratibu kuelekea Sikonge.