Bonde la Ufa: linasukumwa au linavutwa?

Ukitoka Arusha kwenda Karatu, ukifika Mto wa Mbu unaukuta ukuta wa Bonde la Ufa umesimama mbele yako. Hapa Afrika inaachana, milimita chache kwa mwaka. Kinachobishaniwa ni nguvu inayoipasua.

Shuleni tulifundishwa kwamba mabamba, yaani vipande vikubwa vya gamba la dunia, hubebwa na mikondo ya joto, mithili ya maharage yanayochemka sufuriani. Mfano huo unapotosha kidogo, kwa sababu kilicho chini ya mabamba ni mwamba mgumu unaojongea polepole mno. Hata hivyo wazo lenyewe ni zito: mwanajiolojia Arthur Holmes alilitetea tangu miaka ya 1920, na mawimbi ya matetemeko yanaonyesha mwamba wa moto ukipanda kutoka kina kirefu chini ya bara letu.

Wapinzani wanasema bamba hujivuta lenyewe. Ukingo wake wa baharini ukishapoa huwa mzito, huzama na kuburuta sehemu iliyobaki. Mwaka 1975 wanasayansi Forsyth na Uyeda walionyesha kwamba mabamba yenye kingo zinazozama ndiyo yaendayo kasi. Bamba la Pasifiki hufikia sentimita 10 hivi kwa mwaka; la Afrika ni kama 2 au 3.

Kwa dunia nzima, nawaunga mkono hawa. Kwetu hoja yao inapwaya. Ukingo wa Afrika unaozama uko kaskazini, Mediterania, ilhali ufa wetu unafunguka mashariki na magharibi. Wao hujibu kwamba nyanda za juu hutanuka kwa uzito wake. Sawa, lakini ni nini kilichozinyanyua kama si joto?

Halafu kuna Julai 2007. Ardhi ilitetemeka siku nyingi karibu na mlima Gelai, kusini mwa Ziwa Natron, tetemeko kubwa likifikia ukubwa wa 5.9. Vipimo vilionyesha magma, yaani mwamba ulioyeyuka, imepenya ardhini kama ukuta mwembamba, ikaupasua mwamba. Septemba, mlima wa volkano wa jirani, Ol Doinyo Lengai, ukalipuka kwa kishindo. Mwamba mgumu, basi, hupasuka kirahisi zaidi magma ikiutangulia.

Ila Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, nalo limo ndani ya ufa, na volkano huko karibu hakuna. Hoja ya magma naikubali kwa Natron. Kwa Kigoma bado haijanishawishi.