Mtoto aliyezoea kuambiwa kila kitu atachaguaje mkondo?

Ukizitaja shule za huku Ufini mbele ya watu wa Mombasa, utaambiwa watoto wa Kizungu wameachiliwa tu, kila mmoja anasoma anachotaka. Walimu wenzangu, hayo si kweli. Mwanafunzi wa sekondari ya juu huku hujipangia masomo mwenyewe, lakini kila hatua yake inahesabiwa. Sharti afikishe pointi 150, na pointi moja ni saa 14 na dakika 15 za kufundishwa. Katika hizo, 94 ni za lazima, au 102 kwa anayesoma hisabati ya kiwango cha juu. Akikosa kipindi, mwalimu anaandika kwenye mfumo na mzazi anaona kwenye simu yake. Tena hafikii uchaguzi huo ghafla: kuanzia darasa la 7 hadi la 9 huwa amepata angalau vipindi 76 vya ushauri wa masomo, vimo kwenye ratiba kama somo lolote.

Sasa tutazame kwetu Kenya. Mwanafunzi wa Gredi ya 9 anatakiwa achague mkondo mmoja wa masomo ya sekondari ya juu kati ya mitatu: wa kwanza ni Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati kwa pamoja, wa pili Sayansi ya Jamii, na wa tatu Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kundi la kwanza limeingia Gredi ya 10 Januari 2026. Miaka yote ya nyuma mtoto huyo amekuwa akiambiwa afungue ukurasa upi na aanze na swali gani. Atachagua vipi? Atamfuata rafiki yake, au baba atamjazia.

Kinachoniuma ni kwamba Mombasa tunao mfano mzuri mtaani. Ingia chuoni, yaani madrasa ya Kurani, alasiri. Huyu yuko kwenye alifu, yule Juzuu Amma, mwengine keshavuka Yasini, na wote wamo chumba kimoja. Kila mtoto anasoma kwa sauti yake mpaka aone yuko tayari, kisha anakwenda mbele ya maalim kusikilizwa. Akikosea anarudishwa pale pale alipokosea. Mwendo ni wa mtoto mwenyewe, ila hakuna anayeruka sura bila kusikilizwa. Asubuhi, mtoto huyo huyo anaingia darasa la watu 50 na wote wanangojana kwenye sentensi moja.

Kwa Gredi ya 4 hadi ya 6, kipindi cha dakika 35 kinatosha kuanza kuwazoesha kuchagua. Andika ubaoni kazi tatu za mada moja, kwa mfano katika hesabu za sehemu, kama nusu na robo: kukata karatasi, kutatua mafumbo matano, au kumtungia mwenzako maswali. Dakika 5 eleza, 20 wafanye, 10 waonyeshe. Akishaanza, haruhusiwi kubadilisha kazi. Kazi zisipite tatu; zikiwa nyingi, nusu ya muda huishia kwenye kuchagua. Kelele zikipanda baada ya dakika kama 10, mara nyingi ni wale waliomaliza mapema, kwa hivyo weka kazi ya akiba mezani. Kosa kubwa zaidi ni kuzikata zile dakika 10 za mwisho. Mtoto akijua hasikilizwi, wiki ijayo atachagua iliyo nyepesi. Na wawili wakivuruga, wakalishe hao wawili. Usilinyang'anye darasa zima nafasi ya kuchagua.

Langoni nako, kwa wanaochelewa, tutenganishe. Aliyekwama kwenye foleni ya feri Likoni na aliyelala kitandani wasipigishwe magoti pamoja. Daftari la waliochelewa liwe na safu ya sababu, na anayejaza uzembe mara tatu aandike mwenyewe saa ya kuamka na ya kutoka, mzazi atie sahihi.

Muhula wa kwanza darasa bado linazoeana na mwalimu, na wa tatu unaliwa na mitihani. Anzeni muhula wa pili, kipindi kimoja kwa wiki, siku ile ile, mpaka shule zifungwe.