Kiolezo hakiondoi kazi ya mkono

Kati ya mizizi ya magego mawili yanayopakana, mfupa mara nyingi haufiki hata milimita nne kwa upana. Skrubu tunayoipenyeza hapo ina unene wa milimita 1.5 hivi, na kila upande inataka ibakiwe na mfupa, angalau nusu milimita, na ikipatikana milimita nzima ni bora zaidi. Piga hesabu uone pamebaki nafasi gani ya kukosea.

Skrubu hizi ndizo nanga yetu sisi tunaopanga meno. Ukivuta meno ya mbele yarudi nyuma kwa kuyafunga kwenye magego, magego nayo yanavutika kuja mbele. Skrubu iliyoshikwa na mfupa huubeba mzigo huo badala ya magego. Wazo lenyewe lina umri: Creekmore na Eklund walieleza skrubu ya namna hii mwaka 1983, na Kanomi akaja na skrubu ndogo zaidi mwaka 1997. Lakini kwa miaka mingi tumezipenyeza kwa kukadiria, tukitegemea eksirei bapa na kipande cha waya kilichowekwa juu ya ufizi kama alama. Eksirei bapa hudanganya. Sogeza mrija wake kidogo tu, na mizizi iliyoachana itaonekana imegusana.

Ndiyo maana naunga mkono violezo vya kidijitali, vinavyovishwa juu ya meno ili kuiongoza skrubu, bila kusitasita pale skrubu inapopita katikati ya mizizi. Eksirei ya pande tatu inaonyesha mfupa na mizizi, skana ya mdomoni inachukua umbo la meno na fizi, kisha programu inazilaza picha hizo moja juu ya nyingine. Unachagua mahali, mwelekeo na kina kabla mgonjwa hajakaa kwenye kiti. Printa inatoa kiolezo cha resini chenye tundu la kuongoza bisibisi. Lakini kwenye kaakaa, karibu na katikati na nyuma ya mikunjo ya mbele, mizizi iko mbali, na kwa skrubu moja ya kawaida sioni sababu ya kumpiga mtoto mionzi ya ziada.

Ninachokikataa ni kukiamini kiolezo kuliko macho yako. Niliwahi kukivalisha kiolezo nikaona kinacheza. Mbele kilikaa, ila juu ya gego la nyuma palikuwa na mwanya mwembamba kama ukucha. Zilikuwa zimepita wiki kadhaa tangu tulipopiga skana, na waya ulikuwa bado mdomoni ukifanya kazi yake. Meno yalikuwa yamesogea! Mkono ulitamani kukibana tu kiingie. Nilikitoa, tukapiga skana upya. Kiolezo kikiinama nyuzi 5 tu, ncha ya skrubu ya milimita 8 inahama karibu milimita 0.7, na huenda huo ndio mfupa wote uliokuwa unaulinda mzizi.

Jambo jingine ni ganzi. Wapo wanaosema kwamba ukiwa na kiolezo unaweza kumtia mgonjwa ganzi nzito, atulie. Sikubaliani nao hata kidogo. Mimi huweka kidogo, itoshe ufizi tu, ili jino lenyewe libaki na hisia. Ncha ikikaribia mzizi, mgonjwa anashtuka, nami nasimama. Tundu la kiolezo linapunguza kile ambacho vidole vingehisi kupitia bisibisi, kwa hiyo kengele hiyo naihitaji zaidi ninapotumia kiolezo. Ugumu ukizidi ghafla, narudisha skrubu nyuma. Mzizi ulioguswa juujuu na kuachwa mapema kwa kawaida hupona, lakini skrubu iliyobanana nao huelekea zaidi kulegea, na hapo mgonjwa anarudi na nanga inayotikisika.

Kiolezo cha pili kilikaa kwenye kila jino. Nilikisukuma kwa kidole pembe zote, hakikucheza. Ndipo nikashika bisibisi.