Je, Imani Ndiyo Mzizi wa OCD? Si kwa Kila Mgonjwa

Mama mwenye mtoto mchanga anapitiwa na wazo la kumchoma mwanawe kisu. Anashtuka, anaficha visu vyote, na tangu hapo hakubali kubaki na mtoto peke yake. Wazo lenyewe si la ajabu: mwaka 1978 wanasaikolojia Rachman na de Silva walionyesha kwamba hata watu wasio na OCD, maradhi ya kuandamwa na mawazo yasiyotakiwa na kurudiarudia vitendo, hupata mawazo ya namna hiyo. Kinachomtesa ni tafsiri yake. Anaamini kuwa kuwaza ovu kunakaribia kulitenda.

Mwanasaikolojia Salkovskis alijenga hoja hiyo mwaka 1985, katika nadharia kwamba imani za aina hii ndizo mzizi wa OCD: mgonjwa hujitwisha dhamana ya kuzuia kila madhara. Tafiti za baadaye zikaziweka imani katika mafungu na kuyaoanisha na dalili. Kujitwisha dhamana na kuikuza hatari huambatana zaidi na kunawa na kukaguakagua. Kuyapa mawazo uzito mno huambatana na mawazo ya aibu kama ya mama huyu. Kutaka ukamilifu na uhakika huambatana na kupangapanga vitu.

Hilo la mwisho ndilo linalonitia shaka. Mwulize anayenyoosha vitabu rafuni kwa saa nzima anaogopa nini akiviacha. Wengi watakujibu: "Siogopi kitu. Havijakaa sawa tu." Hiyo ni hisia, na sioni imani ndani yake. Taylor na wenzake, mwaka 2006, walikuta kundi la wagonjwa ambao alama zao katika kipimo cha imani hizi zilikaribiana na za watu wasioumwa.

Tena, kuambatana si kusababisha. Aliyenawa kwa miaka anaweza kuishia kuamini kuwa hatari imejaa kila mahali, kwa kuwa hajawahi kujipa nafasi ya kuona vinginevyo.

Sisemi nadharia itupwe. Yule mama anastahili kuelezwa mapema, na kwa upole, kuwa wazo si nia. Kinachoniuma ni mtaalamu kumbana mpanga vitabu ataje hofu, kisha kumwona mkaidi asipoitaja. Huyo atafaidika zaidi na mazoezi ya kukiacha kitabu kimepinda, asikiguse, na kuivumilia kero hadi ipungue. Mazoezi ya aina hiyo, ambayo mwanasaikolojia Meyer aliyaandikia tangu 1966, hayamdai kwanza akiri imani asiyokuwa nayo.