"Sound" ya Roscoe Mitchell: kelele ziko wapi?

Tangu kampuni ya rekodi ya Delmark ilipoitoa mwaka 1966, "Sound", albamu ya kwanza ya mpiga saksafoni wa jazi Roscoe Mitchell wa Chicago, imekuwa ikiandamwa na lawama moja: kwamba ni kelele za watu wasiojua kupiga ala. Lawama hiyo ina mashiko yake. Anayeweka santuri ili apate mdundo wa kutikisia kichwa na wimbo wa kuondoka nao mdomoni atatoka mikono mitupu, na si haki kumwambia kwamba masikio yake ni mabovu. Kibao kilichobeba jina la albamu kinameza upande mzima wa pili, zaidi ya dakika 20.

Ila hilo neno "kelele" linanikera, kwa sababu kinachotawala humo ni ukimya. Lester Bowie anapuliza tarumbeta, nusu sauti nusu pumzi, halafu ananyamaza, wala hakuna anayekimbilia kuziba pengo. Toazi linaguswa, mlio wake unaachwa ufifie wenyewe. Saksafoni ya Mitchell inashikilia noti moja mpaka inaanza kupasuka. Wapigaji ni sita, lakini kwa vipindi virefu unamsikia mmoja au wawili tu! Mwaka uliotangulia, mpiga saksafoni John Coltrane aliwakusanya watu 11 kurekodi "Ascension", na ule ulikuwa moto mtupu. Vijana wa AACM, chama cha wanamuziki kilichoanzishwa Chicago mwaka huohuo wa 1965, walitumia uhuru uleule wa kupiga bila kufungwa na mdundo wala wimbo kwenda upande mwingine, na "Sound" ndiyo albamu yao ya kwanza.

Kuhusu kutojua kupiga: Mitchell, aliyekuwa na miaka 26, alishapitia bendi ya jeshi la Marekani huko Ujerumani. Kibao cha kwanza, "Ornette", kinakwenda mbio na wapigaji hawapotezani. "The Little Suite", yenye harmonika na filimbi, inaweza kusikika kama mchezo wa watoto, na hapo siwezi kubishana sana.

Hoja ya urefu nayo naikubali. Katika santuri, kibao cha "Sound" kiliunganishwa kutoka rekodi mbili. CD ya baadaye ilizitoa zote mbili nzima, na katikati ya ile ndefu kuna dakika ambazo ningezikata. Zote ni zile ambazo watu sita wanapiga kwa pamoja.