Illinois: Dola 100,001 Zinavyofuta Ukomo wa Michango

Jimbo la Illinois, nchini Marekani, lina ukomo wa michango ya kampeni. Sheria ilipoanza kutumika mwaka 2011, mtu binafsi aliruhusiwa kumpa mgombea dola 5,000, na kampuni au chama cha wafanyakazi dola 10,000. Viwango hivyo hupandishwa kila miaka miwili kufuata mfumuko wa bei.

Lakini anayegombea ugavana akiingiza zaidi ya dola 250,000 za mfukoni mwake, ukomo unafutwa kwa wagombea wote wa nafasi hiyo, yeye mwenyewe akiwemo. Kwenye ubunge wa jimbo kiwango ni dola 100,000. Ndiyo maana wapo wagombea waliojikopesha dola 100,001 kamili. Baada ya hapo wafadhili wakubwa wanaruhusiwa kutoa wapendavyo, na mkopo wenyewe unaweza kurudishwa kwa michango hiyohiyo.

Kifungu hiki kilikusudiwa kumwokoa mgombea mnyonge mbele ya tajiri. Hakimwokoi, maana mnyonge hana wa kumpa milioni. Kuelekea uchaguzi wa 2018, Gavana Bruce Rauner alijichangia dola milioni 50, kisha bilionea Ken Griffin akamwongezea milioni 20. Mpinzani wa Rauner, JB Pritzker, alitumia milioni 171.5 zake mwenyewe, akashinda. Mwaka 2022 Griffin alimpa Richard Irvin, aliyegombea ugavana, milioni 50, na Irvin akashika nafasi ya tatu katika kura za mchujo za Republican.

Fedha inayoingia kwenye kamati ya mgombea ina nguvu ya ziada. Ndani ya siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu, sheria ya shirikisho huvilazimisha vituo vya televisheni kumtoza mgombea bei ya chini kabisa ya tangazo. Kundi la nje linalomuunga mkono halina haki hiyo.

Tatizo jingine ni tarehe. Mchango wa dola 1,000 au zaidi huripotiwa kwa fomu A-1 ndani ya siku 5 za kazi, na siku 2 tu uchaguzi ukikaribia. Matumizi, kinyume chake, husubiri ripoti ya robo mwaka, D-2. Fedha zilizotumika Oktoba, mwezi wenye moto kuliko yote, zinaonekana Januari 15, wakati kura zilipigwa Novemba. Tena humo mara nyingi utakuta malipo makubwa kwa kampuni ya ushauri, bila kujua zilikwenda kituo gani. Anayetaka kujua mapema afungue mafaili ya matangazo ya kisiasa ambayo vituo hulazimika kuyaweka wazi kwenye tovuti ya FCC, tume ya shirikisho ya mawasiliano.

Bunge la Illinois liondoe mikopo kwenye hesabu ya kufuta ukomo, limbane kwa ukomo uleule mgombea ambaye fedha zake ndizo zilizoufuta, na matumizi ya Oktoba yaripotiwe kwa kasi ileile ya michango.